Kwa Mwanajeshi Mstaafu Anayechukua Fomu kwa Mara ya Kwanza

Juma lililopita nilikaa viti vya nyuma ukumbini kumsikiliza meja mmoja mstaafu akijinadi mbele ya wajumbe wa kura za maoni. Ni kijana ninayempenda, kwa kuwa nilimfundisha kusoma ramani alipokuwa luteni usu. Alipanda jukwaani, akatazama saa, akawaagiza wajumbe wazime simu, akataja vipaumbele vyake 7 kwa dakika 6, kisha akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyenyanyua mkono. Alishuka akitabasamu, akaninong'oneza, "Afande, wameelewa wote." Nilijishika kichwa, kwa sababu ukumbi ule ulikuwa umenuna, na kwa sababu miaka mingi iliyopita nilishuka kwenye jukwaa kama lile nikiwa na tabasamu lile lile. Kwa kuwa yeye si wa kwanza mwaka huu, na naona foleni ya wastaafu wenzake inazidi kurefuka, nimeamua kuandika. Habari za wadhamini, ada, mihuri na tarehe za kurudisha fomu mnazijua, nami sitazirudia.

1. Vua gwanda lote. Jakaya Kikwete alikuwa luteni kanali mfumo wa vyama vingi uliporejea Tanzania mwaka 1992, na wanajeshi wakatakiwa kuchagua kati ya jeshi na siasa za vyama. Alichagua siasa, akastaafu jeshini, na mwaka 2005 akachaguliwa kuwa rais. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba uchaguzi ule haukuwa na mguu mmoja ndani na mwingine nje. Cheo chako kiandike mara moja kwenye wasifu, kisha kiache hapo hapo. Nilikuwa na rafiki aliyestaafu akiwa kanali, ambaye dereva wake wa kampeni, raia aliyejitolea gari na mafuta yake mwenyewe, alitakiwa kumfungulia mlango na kusimama wima. Siku ya tatu dereva aliondoka na gari lake, na kanali akarudi kutoka mkutanoni kwa miguu, akiwa bado analalamikia nidhamu ya raia.

2. Ukimya usiuhesabu kuwa utii. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili lilinigharimu uchaguzi mzima.

Nilipogombea ubunge kwa mara ya kwanza, kamati yangu ya kampeni niliiendesha kama makao makuu ya kikosi. Kila jioni saa 12 kamili waratibu wa kata walisimama mmoja mmoja na kutoa ripoti ya hali: nyumba zilizotembelewa, mabango yaliyobandikwa, mawakala walioapishwa. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja, mwenyekiti wa tawi, ambaye alikuwa akiwatafutia wagombea kura tangu mimi nikiwa kuruta. Jioni moja alinyoosha mkono kabla ya zamu yake, akaanza kusema kwamba katika kata mbili zinazopakana na uwanja wa zamani wa shabaha watu wanazungumza vibaya kuhusu hotuba yangu. Nilimkatiza. Nilimwambia, mbele ya watu 20, kwamba jambo hilo halimo kwenye ajenda na kwamba asubiri zamu yake. Aliketi. Zamu yake ilipofika alitaja idadi ya nyumba na idadi ya mabango, akaketi tena. Niliuliza kama kuna swali, na hapakuwa na swali.

Kuanzia siku hiyo ripoti zake zilikuwa fupi na safi kuliko za wote, nami, Mungu anisamehe, nilimsifu hadharani kwa kuwa ameimarika.

Alichotaka kuniambia nilikuja kukijua baada ya matokeo. Katika hotuba yangu nilikuwa nimeahidi kwamba nikichaguliwa "tutasafisha eneo lote" linalouzunguka ule uwanja. Kwa askari, kusafisha eneo ni kutafuta na kuondoa mabaki ya risasi na makombora ili watoto wasiyaokote, na nilidhani ahadi hiyo peke yake ingenipa kata zile mbili. Wakazi, ambao baadhi yao walikuwa wamejenga karibu mno na mpaka, walisikia mwanajeshi akitangaza kwamba atawasafisha wao. Sentensi moja ya ufafanuzi ingetosha, na muda wa kuitoa ulikuwapo, kwani zilibaki siku 16 kabla ya kupiga kura. Usiku wa kujumlisha nilikaa na kalamu nikipokea matokeo ya kituo kimoja baada ya kingine. Katika kituo kimoja, ambako wajumbe 9 wa kamati yangu walikuwa wameandikishwa, nilipata kura 4. Niliirudia hesabu hiyo mara tatu nikitafuta kosa la karani, kisha nikaanza kufikiria ni nani kati ya wale 9.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kwa yule mama kumuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, akasema, "Ulisema nisubiri zamu yangu. Nilisubiri."

Jeshini, askari akinyamaza baada ya amri unajua atatekeleza, kwa sababu nyuma ya amri kuna sheria na nyuma ya sheria kuna mahakama ya kijeshi. Mtu aliyejitolea kwenye kampeni hana mkataba wala kiapo kwako, na anaweza kuwa ameshaondoka huku bado ameketi kwenye kiti chako na kukuletea takwimu. Rais Harry Truman wa Marekani, aliyekuwa kapteni wa mizinga Ufaransa mwaka 1918 kabla ya kuingia siasa, aliliona hilo alipokuwa akijiandaa kumkabidhi Jenerali Dwight Eisenhower ofisi: alitabiri kwamba jenerali ataketi pale na kuamuru hiki kifanyike na kile kifanyike, na hakuna kitakachofanyika. Kwa haki ya Eisenhower, alikuwa amemaliza vita akiwabembeleza majenerali wa mataifa tofauti wasiosikilizana, na alishinda mwaka 1952 na tena mwaka 1956. Mimi niliowahi kuwapatanisha ni mpishi na mtunza stoo, na hata hao sikufanikiwa.

3. Wapambe uliopigana nao vita wachunguze zaidi ya wageni. Ulysses Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais, alimchukua msaidizi wake Orville Babcock kutoka kwenye ofisi yake ya vita hadi Ikulu ya Marekani, na Babcock alipotuhumiwa katika kashfa ya kodi ya wiski, rais mwenyewe alitoa ushahidi wa kumtetea mwaka 1876. Babcock aliachiwa na mahakama, lakini doa lilibaki kwa Grant. Najua inavyouma kumkagua mtu aliyewahi kukubeba mgongoni. Mkague hata hivyo, na fedha za kampeni asizishike yeye peke yake.

4. Rekodi yako ya vita itageuzwa dhidi yako, kama John Kerry, mgombea urais wa Marekani, alivyoshambuliwa mwaka 2004 kupitia utumishi na medali zake za Vietnam. Kwa hiyo weka nyaraka tayari kabla ya kampeni, na usimulie vita vyako mara chache.

5. Wakala asiondoke kituoni bila nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa. Ukiingia bungeni, soma kanuni za kudumu kama ulivyosoma kitabu cha silaha.

6. Ukishindwa, rudi kwa waliokunyamazia. Tammy Duckworth, mwanajeshi wa Marekani aliyepoteza miguu yote miwili Irak mwaka 2004, alishindwa uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi mwaka 2006 kabla ya kushinda ule wa mwaka 2012, na mwaka 2016 akachaguliwa kuingia Seneti. Mimi sikuwa na ujasiri wa namna hiyo. Nilikuwa na aibu tu, na aibu ndiyo iliyonirudisha nyumbani kwa yule mama kumwomba aongoze kamati yangu ya pili. Alitoa masharti matatu: asiwepo mtu wa kusimama ninapoingia, yeye azungumze kwanza, na mimi nizungumze mwisho. Kikao cha kwanza alizungumza dakika 40, nusu yake ikiwa juu ya makosa yangu, nami niliandika kila kitu. Tulishinda kwa tofauti ndogo.

Kwa idhini yake, nimempa meja namba yake ya simu. Meja alimpigia jana, akamweleza kwamba ana dakika 10 tu na kwamba atamsikiliza baada ya kumaliza kumpa maelekezo. Mama ameniarifu kwamba alimjibu, kwa heshima zote, kuwa atasubiri.