Maswali Yenu: Mkataba Kabla ya Ndoa, na Kabla ya Kuhamia Pamoja

Barua za safari hii zimetoka Kenya, na zote zinahusu watu wanaotaka kuishi pamoja, au waliokwisha kuhamia na sasa wanauliza walichokihamia ni nini. Nitazijibu kwa sheria za Kenya, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Nimekaa na mwenzangu miezi sita. Je, kisheria tayari sisi ni mume na mke? (Nakuru)

La. Hakuna kifungu katika sheria za Kenya kinachogeuza miezi sita kuwa ndoa, na ningeshukuru kama wanaoendelea kuniletea swali hili wangemwuliza kwanza aliyewaambia alikisoma wapi. Tanzania ndiyo iliyotaja muda, na ni miaka miwili, katika kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Hata huko, ni lazima watu wawe wamewatambua wawili hao kuwa mume na mke, na dhana hiyo ya kwamba wameoana inaweza kupingwa mahakamani ikaanguka.

Tumeishi pamoja miaka tisa na tuna watoto wawili. Hakuna mahari iliyotolewa wala hatukwenda kwa msajili. Ploti ina jina lake, ingawa pesa za mawe, saruji na mabati nilituma mimi. Tukiachana, nina haki gani? (Kisumu)

Haki unayo, dada yangu, lakini si kwa sababu ya miaka tisa. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioanza kuishi pamoja miaka ya 1980 bila ndoa. Ilisema kwamba ndoa ya kudhaniwa, yaani watu kuhesabiwa kuwa wameoana ingawa hawakufunga ndoa, itambuliwe kwa nadra, na kwamba anayeidai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa wote wawili walikuwa huru kuoana, walikusudia na kuridhia kuoana, na walijitambulisha kwa watu kama mume na mke. Dai hilo lilianguka kwa sababu mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine. Hata hivyo, majaji waliona kwamba wote wawili walichangia mali, na kwamba aliyeandikwa kwenye hati huwa anamshikia mwenzake fungu lake kama amana, ndipo mwanamke akapata asilimia 70 na mwanamume 30.

Kilichowapa mafungu hayo ni ushahidi wa mchango. Kwa hiyo toa taarifa zako za M-Pesa za miaka hiyo, tafuta risiti za duka la vifaa vya ujenzi hata kama wino umefifia, na umkumbuke fundi uliyekuwa ukimlipa, maana yeye ni shahidi. Kisha, mkiwa bado mnapatana, andikeni makubaliano. Yatakuwa mkataba wa kawaida, na kwa kuwa yanahusu ardhi, ni lazima yawe kwa maandishi, yenye saini zenu na ya shahidi. Bora zaidi, jina lako liingie kwenye hatimiliki. Akikataa kuliandika leo mkiwa mnakula chungu kimoja, usitarajie atalikumbuka siku mtakayogawana vyombo.

Harusi yetu ni Jumamosi. Wakili wangu ametayarisha mkataba kwamba mali yangu ibaki yangu. Nimpe mchumba wangu Alhamisi atie saini? (Eldoret)

Ukitaka mkataba utakaotupwa, mpe Alhamisi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinawaruhusu wanaokusudia kuoana kukubaliana kuhusu mali zao, lakini kifungu hicho hicho kinaipa mahakama uwezo wa kuutengua mkataba uliopatikana kwa ulaghai au shinikizo, au ulio dhuluma ya wazi. Hema limelipiwa, jamaa wamekwisha kupanda basi, na bibi harusi anapewa kalamu na wakili wa bwana harusi: utamweleza nini jaji? Ahirisha mkataba au ahirisha harusi. Kila mmoja awe na wakili wake, na kila mmoja aorodheshe mali zake pamoja na madeni yake, mikopo ya simu ikiwemo. Wanaume wengi huficha deni kwa bidii kuliko shamba.

Nashuku pia kwamba unaikimbia ile “nusu kwa nusu” inayotajwa kila mahali. Siku hiyo hiyo ya Januari 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ile ile ilisema kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi mali kukatwa katikati, kwani kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake. Na mchango, kwa sheria hiyo ya 2013, ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Kwa sababu hiyo namwonya mchumba wako, kama anasoma: usitie saini mstari unaosema kwamba kazi hizo hazitahesabiwa.

Wakili ametuandikia hati ya kiapo kwamba tumeoana. Inatosha? (Thika)

Haitoshi. Sheria ya Ndoa ya 2014 imetaja ndoa inathibitishwa kwa nini, na hati ya kiapo haimo. Mmelipia karatasi ya kuombea kadi ya bima.

Sisi ni Waislamu. Mkataba huu unatuhusu? (Malindi)

Mnaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Sheria ya 2013 inawaruhusu. Masharti mnayoyataka yatajwe kabla ya nikahi, mbele ya mashahidi, na mahari yaandikwe kiasi chake na kilichobaki kulipwa. Nimeona wengi wakimpelekea kadhi madai ya mahari ambayo hakuna aliyeyaandika popote, na shahidi mmoja ameshafariki.

Tunaweza kukubaliana kwamba tukiachana sitadaiwa matunzo ya mtoto? (Machakos)

Andikeni mtakavyo. Kifungu cha 53 cha Katiba kimempa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la, na yeye hakutia saini mkataba wenu.