Tetemeko likipiga usisubiri ndege ya misaada, anza na jirani

Watu wengi wakisikia huduma ya dharura baada ya tetemeko wanawaza mahema meupe na madaktari wanaoshuka kwenye ndege. Mimi ni nesi, nilikuwa Bukoba, mkoani Kagera, Jumamosi ile ya 10 Septemba 2016, ardhi ilipotikisika saa tisa na nusu hivi alasiri, na nachotaka mjue ndugu zangu ni kwamba wengi waliopona siku ile waliokolewa na majirani zao kabla sisi wa hospitali hatujawatia machoni. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, wenye matetemeko makubwa wanaweza kuliona dogo, lakini watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakaumia na nyumba za watu zikalala chini. Kesho yake tu Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa uwanja wa Kaitaba tunaaga miili, yaani serikali iliwahi kwa kweli, ila mtu anayevuja damu hana muda wa kusubiri kesho.

Kwa hiyo la kwanza ni damu. Ukimfikia mtu anavuja chukua khanga, shati, chochote kisafi, kandamiza palepale kwa nguvu na usiachie kila dakika ili uchungulie kama imekata, kandamiza tu mpaka mfike. Aliyeumia shingo au mgongo usimvute mkono, mlalisheni kwenye ubao au mlango muwe watu wanne mnabeba kwa pamoja, na kabla ya kuingia kwenye kifusi tazameni ukuta uliobaki maana ardhi itacheza tena, karibu lazima icheze.

La pili wengi hawalijui nami naomba mlisome taratibu. Mtu akibanwa mguu na zege au ukuta kwa masaa, misuli inaanza kufa na uchafu wake unajikusanya pale, madini ya potasiamu yakiwemo, halafu mkiinua ule mzigo vyote vinaingia kwenye damu kwa mpigo, mtu aliyekuwa anaongea nanyi vizuri moyo unasimama mnamuangalia, na akinusurika hapo figo zinaweza kufeli baada ya siku chache. Tetemeko la Uturuki la Agosti 1999 liliacha mamia ya majeruhi wanaohitaji kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu hiyo hiyo. Aliyebanwa muda mfupi mtoeni haraka. Ila kama amekaa masaa, tumeni bodaboda akalete mhudumu wa afya na dripu, ile ya maji ya chumvi, aanze kuwekewa akiwa bado chini ya kifusi kisha ndo muinue. Wenzangu wa zahanati, dripu ya Ringer hapo iacheni, ina potasiamu.

Hospitali nayo ina mambo yake siku hiyo. Wanaofika kwanza ni wanaoweza kutembea, wenye michubuko na mikono iliyoteguka, wanajaza geti na benchi zote, halafu walioumia vibaya wanafika baadae kwa pikapu wanakuta hakuna hata pa kupita. Kama unatembea na damu imekata tafadhali kaa pembeni usubiri. Kazi tuliifanyia nje kwenye majani, maana wagonjwa walikataa katakata kulala ndani na sikuweza kuwalaumu. Vijana walileta bibi mmoja kwenye mlango wa mbao, paja limevunjika, wamelifunga vizuri kabisa na ubao wa kitanda na vipande vya khanga. Nikamwuliza, "Bibi, unaumia sana?" akanishika mkono, "Mjukuu wangu, mguu utanifunga baadaye, mimi nitafutie dawa zangu za presha zimebaki ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe haipo." Presha yake ilikuwa juu mno. Tangu siku ile kila nikikutana na mgonjwa wa sukari, presha, kifafa au anayetumia ARV namwambia dawa za wiki na kadi ya kliniki zikae kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Na kama vimefukiwa usirudi ndani hata kidogo, nenda kituo chochote ujieleze, dozi isikatike.

Vidonda vya kifusi vina udongo ndani. Ndugu wengi wanagomba mgonjwa wao ashonwe palepale, lakini kidonda kichafu ukikifunga unafungia usaha, kinaoshwa sana kwa maji safi, kinaachwa wazi na bandeji, kinashonwa baada ya siku kadhaa kikiwa safi. Ulizia na sindano ya pepopunda hata kama kidonda ni kidogo kama cha msumari.

Usiku watu wanalala nje, na Kagera ina malaria, ina baridi ya alfajiri pia. Chandarua kinafungwa hata kwenye mgomba. Mama mjamzito na watoto wapeni sehemu kavu kwanza.

Kwa walio mbali wanaotaka kusaidia: msitume dawa zilizobaki kabatini, hatuna mtu wa kukaa anachambua vidonge visivyo na tarehe. Haiti mwaka 2010 hata ndege ya MSF, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, iliyobeba hospitali nzima ya kupulizwa upepo ilizuiwa kutua Port-au-Prince ikaelekezwa Jamhuri ya Dominika, vifaa vikaja kwa barabara, kwa hiyo fikiria boksi lako la nguo litafika lini. Pesa kwa wanaoshughulika palepale zinafanya kazi haraka zaidi.

Na damu jamani. Siku ya kwanza kila mtu anataka kutoa, Mungu awabariki, lakini damu inakaa kwenye friji kama siku 35 tu na mifupa inaendelea kufanyiwa operesheni wiki nyingi, basi nusu yenu njooni wiki ya pili na ya tatu wakati habari zimeshaisha kwenye redio. Mkija bebeni na chupa ya uji, kwa sababu mgonjwa wetu huletewa chakula na ndugu zake, na hao ndugu jiko lao limefukiwa.