Barua kwa Mwanangu: Mbio Zako na Masikio Yako

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata, na sikutaka kulijibu juu juu. Umeuliza hivi: kwa kuwa babu yako alipoteza usikivu mapema, na mjomba wako naye sasa anaelekea huko huko, je, mbio zako za asubuhi na jimu yako ya jioni vitakukinga, au unajichosha bure? Hujichoshi bure. Lakini mazoezi huyalinda masikio kwa njia moja mahususi, tena kwa kiasi, na iko namna ya kufanya mazoezi inayoyaumiza masikio hayo hayo.

Yote yanaanzia kwenye damu. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu, kuna mrija mdogo uliojikunja kama gamba la konokono, unaoitwa koklea. Humo mna seli zenye vinywele, takriban 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Unazaliwa nazo, na zikifa hazioti nyingine. Seli hizo hufanya kazi kwa umeme unaozalishwa na utando wa ukuta wa koklea, nao utando huo umejaa vishipa vyembamba mno vya damu. Hudumisha takriban milivolti 80 mchana na usiku, hata ukiwa umelala fofofo, kwa hiyo hautosheki oksijeni. Na hapa ndipo penye hatari: damu ya sikio la ndani huingia kwa mshipa mmoja mwembamba, na mshipa huo ukiziba hakuna mwingine wa kushika nafasi yake.

Ukishalielewa hilo, mengine yanajieleza. Chochote kinachochakaza mishipa midogo ya damu hufika hadi masikioni. Uchambuzi mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba upungufu wa usikivu ulikuwa karibu mara mbili zaidi kwa watu wazima wenye kisukari kuliko wasio nacho. Sigara nayo imo katika orodha hiyo, na shinikizo la juu la damu pia. Mazoezi huvuta upande wa pili: moyo husukuma damu vizuri zaidi, sukari hutulia, mishipa hubaki laini.

Ushahidi ninaouamini zaidi umetoka sehemu mbili. Wa kwanza ni wa wauguzi wanawake zaidi ya 68,000 wa Marekani, waliofuatiliwa tangu 1989 hadi 2009 na watafiti wa Boston. Waliotembea saa mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya kupoteza usikivu iliyo pungufu kwa asilimia 15 hivi, wakilinganishwa na waliotembea chini ya saa moja. Wenye kiuno kinachozidi sentimita 88 walikuwa na hatari kubwa kuliko wenye kiuno chembamba. Tazama kipimo chenyewe, mwanangu: saa mbili za kutembea kwa wiki! Hawakuwa wakimbiaji wa marathoni.

Lakini utafiti wa aina hiyo haumalizi ubishi, maana anayetembea sana huenda pia anakula vizuri, havuti sigara na hakai kwenye kelele. Ndiyo sababu naupa uzito ule wa pili, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Florida na kuchapishwa mwaka 2016. Waliwapa panya gurudumu la kukimbilia, wengine wakawanyima, kisha wakawalea hadi uzeeni. Panya wasio na gurudumu walipoteza takriban asilimia 20 ya usikivu wao. Waliokimbia walipoteza kama asilimia 5 tu. Walipoyachunguza masikio yao, waliona kwamba wasiokimbia walikuwa wamepoteza vishipa vya damu, seli zenye vinywele na seli za neva kwa wingi zaidi. Panya si mtu, najua. Ila pale hapakuwa na swali la sigara wala chakula, na matokeo yanakubaliana na jinsi sikio linavyolishwa. Mimi hilo linanitosha kukuambia uendelee kukimbia.

Sasa mipaka yake. Mazoezi hayafufui seli iliyokufa. Hayabadilishi ulichorithi, wala hayazibui sikio lililojaa nta. Na kuhusu babu yako, usifanye haraka kusema ni ukoo. Baba yangu alifanya kazi kando ya mashine zenye kelele karibu maisha yake yote ya utu uzima, bila kinga yoyote masikioni. Siwezi kukutenganishia kilichotokana na damu yetu na kilichotokana na zile mashine, lakini kelele ilichangia, na kelele ndiyo sehemu unayoweza kuizuia wewe.

Hapo ndipo jimu yako inaponitia wasiwasi. Ulinitumia video ya darasa lenu la jioni, na muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwalimu alilazimika kupiga kelele kwenye kipaza sauti ili asikike. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda unaporomoka hadi saa nne kwa wiki nzima. Ikifika 100 ni kama dakika 20. Madarasa ya mazoezi yenye muziki hupita desibeli 90 mara nyingi tu. Kwa hiyo unaweza kuwa unaulisha moyo huku unaziua zile seli kwa saa hiyo hiyo. Muombe mwalimu apunguze sauti. Asipokubali, simama mbali na spika na uvae vizibo vya masikio. Ukitoka hapo masikio yanavuma, au sauti za watu zinakufikia kama zimefunikwa na blanketi, ujue yameumia, hata kama kesho yake yametulia.

Hata mbio za peke yako zina mtego wake. Ukikimbia kando ya barabara na spika za masikioni, unaongeza sauti ili kuyashinda magari, na mkono hausahau kuongeza ila husahau kupunguza. Usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu. Afadhali zaidi, kimbia bila muziki barabarani, maana nataka usikie gari linalokuja nyuma yako. Kwenye vyuma vizito, toa pumzi unapoinua. Kuibana pumzi huku ukijikamua hupandisha shinikizo hadi sikio la ndani, na mara chache utando wake huweza kupasuka.

Jambo moja hukuliuliza, nami nimeliona kwa mjomba wako. Usikivu ulipoanza kupungua, aliacha matembezi na wenzake kwa sababu alichoka kuwauliza wamesema nini. Mwili ukalegea, na mwendo wake sasa si wa kujiamini. Viungo vya kusikia na vya mizani vimekaa pamoja katika sikio la ndani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliona mwaka 2012 kwamba watu wa miaka 40 hadi 69 wenye upungufu mdogo wa usikivu, wa desibeli 25, walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuripoti kwamba wameanguka. Kutosikia nako kunamvuta mtu akae tu. Nimemsihi apime na avae vifaa vya kusaidia kusikia, arudi kutembea na wenzake. Nawe msihi, wewe anakusikiliza kuliko mimi.

Kwako naomba mambo mawili. Kapime usikivu mwaka huu, ungali unasikia vizuri, na uombe nakala ya grafu ya matokeo uitunze. Miaka kumi ijayo daktari atakuwa na kitu cha kulinganisha, kwa sababu sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza na mwenyewe huwa hajui. La pili, ukiamka siku yoyote sikio moja limezima ghafla, usidhani ni nta wala usisubiri lipite. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa zake hufaa zikianzwa mapema. Kisha unipigie.

Mama yako