Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya wabunifu wa jikoni na bafuni

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza makabati ya jikoni kwa kufuata picha ambazo wateja wananionyesha kwenye simu. Mteja mmoja amenishauri ninunue vitabu vya Marekani vya wabunifu wa majiko na mabafu, ambavyo bei yake si ya mchezo, kisha nifanye mtihani wao. Je, vitanifaa hapa Dar es Salaam?
*Fundi, Mbagala*

Vitakufaa, ndugu yangu, ilimradi utafute humo sababu ya kila kipimo na usiridhike na namba peke yake. Bila shaka mteja wako alikusudia vitabu vya National Kitchen & Bath Association, yaani NKBA, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1963, ambacho kimegawa masomo yake katika majuzuu: upangaji wa jikoni, upangaji wa bafu, vifaa, mifumo ya maji na umeme, taa, uchoraji, na hata uendeshaji wa biashara yenyewe. Kwa fundi anayejua mbao tayari, juzuu la upangaji wa jikoni na lile la uchoraji ndiyo ya kuanzia. Mengine yanaweza kusubiri.

Chukua mfano wa njia iliyo kati ya kaunta mbili zinazotazamana. Mwongozo wao unapendekeza sentimita 107 pale anapopika mtu mmoja, na 122 wanapopika zaidi ya mmoja, kwa sababu mtu aliyeinama mbele ya oveni iliyofunguliwa anachukua nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Ukiielewa sababu hiyo, utajiuliza mwenyewe swali ambalo kitabu hakikuuliza: mama anayekuna nazi akiwa amekalia mbuzi, miguu ameinyoosha mbele, anahitaji nafasi gani, na mwenzake mwenye sufuria la moto atapita wapi?

Vivyo hivyo kuhusu ile pembetatu maarufu ya sinki, jiko na friji, ambayo chimbuko lake ni utafiti uliofanywa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Kila upande unatakiwa uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya pande zote isizidi mita 7.9. Ni kanuni nzuri, lakini kwa maoni yangu inasifiwa kupita kiasi. Ukurasa ambao ningeukata na kuubandika karakana ni ule unaoeleza mahali pa kutua vyombo: angalau sentimita 61 za kaunta upande mmoja wa sinki na 46 upande wa pili, sentimita 38 kando ya friji upande wa mkono wa mlango, na kandokando ya jiko sentimita 30 upande mmoja na 38 upande mwingine. Majiko mengi yenye makabati ya kupendeza yana sinki iliyosukumwa hadi kwenye kona, na mwenye nyumba analazimika kuanika sahani juu ya friji.

Urefu wa kaunta ndipo penye somo kubwa zaidi kwako. Kaunta ya kawaida ya Kimarekani ina sentimita 91 kutoka sakafuni, na mafundi wengi wanaichukua ilivyo. Badala yake, msimamishe mpishi akiwa amekunja kiwiko, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha shuka sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo pa kukatia mboga. Sinki inaweza kupanda kidogo, kwa kuwa mikono inafanya kazi chini ya ukingo wake. Mahali pa jiko panastahili kushuka, na hili ni muhimu katika nyumba zinazosonga ugali kila siku: sufuria lenye kimo cha sentimita 20 likiwekwa juu ya kaunta ya 91, mdomo wake unafika 111, na hapo bado hujahesabu urefu wa jiko lenyewe. Msongaji anayehitaji kukandamiza mwiko kuelekea chini atajikuta ameinua mabega muda wote.

Yapo pia ya kuacha. Sura za umeme zimeandikwa kwa nchi yenye volti 120, wakati sisi tunatumia 230, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi umeme mwenye leseni. Jiko la Kimarekani lina upana wa kawaida wa sentimita 76, na yanayouzwa katika maduka yetu mengi yana 60 au 50; pima kifaa chenyewe kabla ya kukata ubao. Tena, ukitengeneza kabati la kuficha mtungi wa gesi, toboa matundu ya hewa chini kabisa, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama sakafuni.

Mtihani usiukimbilie. NKBA ina ngazi za vyeti zinazoitwa AKBD, CKBD na CMKBD, na pamoja na mtihani wanaangalia uzoefu wa kazi. Cheti hicho hakichukui nafasi ya usajili wowote unaodaiwa na sheria za Tanzania. Anza kwa kuulizia VETA utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini.

Katika mwongozo wa mabafu nimekuta kipimo kimoja kimeandikwa kwa namba mbili tofauti. Nifuate ipi?
*Mwanafunzi wa usanifu wa ndani, Mombasa*

Moja ni pendekezo la chama, na nyingine ni kiwango cha chini cha kanuni za ujenzi za huko kwao. Kutoka katikati ya choo cha kukaa hadi ukutani, pendekezo ni sentimita 46, na kiwango cha chini ni 38. Sehemu ya kuogea inapendekezwa iwe 91 kwa 91, wakati kanuni inaruhusu 76 kwa 76. Wewe utafungwa na kanuni za Kenya, kisha ulenge pendekezo kila nafasi inaporuhusu. La kuangalia zaidi ni kwamba vipimo hivi vinahesabiwa kutoka kwenye ukuta uliokwisha kupigwa plasta na kubandikwa vigae. Mwanafunzi anayepima kutoka kwenye tofali tupu anapoteza sentimita kadhaa kila upande, na zile 38 zake zinageuka kuwa 35.

Mbunifu ameniletea picha ya kompyuta ya jikoni kwangu, nzuri ajabu, na anataka malipo ya awali. Nilipe?
*Mama wa Tanga*

Bado, mama. Mwombe kwanza ramani ya sakafu yenye vipimo, mchoro wa kila ukuta ukitazamwa kwa mbele, na orodha ya vifaa ikitaja ukubwa wa kila kimoja pamoja na mahali pa bomba na soketi. Fundi hawezi kukata ubao kwa kutazama picha, na mbunifu aliyesomea kazi hii anazo karatasi hizo kabla hujaziuliza.