Foronya ni Kireno, si Kiarabu

Wapo wanaodhani neno foronya lilitoka Kiarabu. Hapana, halikutoka huko. Ni neno la Kireno, fronha, lenye maana ileile ya mfuko wa kuvalisha mto. Hiyo nh ya Wareno hutamkwa kama ny yetu, na sisi tukaingiza o kati ya f na r ili ulimi upite. Waarabu mto wanauita mikhadda, mbali kabisa. Wareno walifika pwani yetu 1498 na kuikalia Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi 1698, wakatuachia pia meza (mesa) na leso (lenço). Ila ny peke yake si ushahidi: nyumba na nyama ni Kibantu, na mto wenyewe pia.