Majusi wa pili si mjusi: maneno matatu yenye "ma-" isiyo ya wingi

SWALI: Ninaandaa igizo la Noeli la watoto wa kanisa letu hapa Kirumba, Mwanza. Katika karatasi ya wahusika niliandika "mjusi wa kwanza, mjusi wa pili, mjusi wa tatu", nikidhani huo ndio umoja wa mamajusi, na watoto wakacheka hadi mazoezi yakavunjika. Mzee jirani yetu, ambaye ni Mwislamu na ni msomaji hodari, akaniambia kuwa majusi ni waabudu moto, akauliza wanatafuta nini horini. Mtu mmoja wa kamati yetu naye alipendekeza kwa mzaha tuwaite "wachawi". Vilevile tunabishana iwapo malaika "ameshuka" au "limeshuka", na kama Herode aseme "mamlaka yangu hii" au "mamlaka yangu haya". Naomba msaada kabla ya Desemba.

JIBU: Ndugu Mwalimu, watoto wako wana haki ya kucheka, kwa sababu mtoto wa Mwanza anamjua mjusi kuliko mtoto wa mji mwingine wowote. Yule mwenye kichwa na kifua chekundu na kiwiliwili cha buluu, anayeota jua juu ya mawe ya Capri Point na kutikisa kichwa kila apitapo mtu, wanasayansi wamempa jina la mji wenu wenyewe, Agama mwanzae. Ukimwambia mtoto avae kilemba awe "mjusi wa pili", hawezi kuwaza kiumbe kingine. Hata hivyo kosa lako lina mantiki yake, na mantiki hiyo ndiyo inayoyaunganisha maswali yako yote matatu: umekutana na maneno matatu yanayoanza na "ma-", na sikio la Mswahili limezoea kuidhani "ma-" ya mwanzo kuwa alama ya wingi, wakati katika majusi, malaika na mamlaka silabi hiyo ilikuja na neno lenyewe kutoka ng'ambo.

Nianze na majusi. Neno hili tumelipata kwa Kiarabu, ambacho husema "majus" kwa kundi na "majusi" kwa mtu mmoja, na Waarabu nao walilipata kutoka Uajemi, ambako "magu" lilikuwa jina la watu wa ukoo wa makuhani. Herodoto, mwandishi wa historia wa Kiyunani, anawataja kuwa moja ya makabila sita ya Wamedi. Kwa hiyo "ma-" ni sehemu ya shina, na ukiiondoa hubaki na kipande kisicho na maana, sawa na mtu anayetaka umoja wa "mahindi" akapata "hindi" kwa haki, kisha akataka umoja wa "maji" akapata "ji". Umoja ni majusi. Wingi ni mamajusi, kwa kuwa majina mengi ya kigeni yanayotaja cheo au kazi ya mtu huchukua "ma-" katika wingi huku upatanisho ukibaki ule wa watu: maaskofu wamefika, maimamu wamefika, mapadre wamefika, mamajusi wamefika. Katika karatasi yako andika "Majusi wa Kwanza", "Majusi wa Pili" na "Majusi wa Tatu", nao wakitoka pamoja waite mamajusi.

Sasa mzee jirani yako. Hakukosea hata kidogo, na ningependa umpelekee salamu zangu. Katika Kurani majusi wametajwa mara moja tu, katika Sura ya 22, Al-Hajj, aya ya 17, pamoja na Wayahudi, Wasabai, Wakristo na washirikina, na hapo neno linamaanisha wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, dini ya Zoroasta, ambao moto ni kitu kitukufu katika ibada yao. Waswahili wa pwani walilipokea neno kwa maana hiyo kabla ya Mathayo kusomwa kwa Kiswahili. Watafsiri wa Biblia walipofika kwenye Mathayo 2:1, walikuta katika Kiyunani neno "magoi", lenye mzizi uleule wa Kiajemi, nao wakachukua neno ambalo tayari lilikuwa midomoni mwa watu. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inasema "mamajusi wa mashariki walifika Yerusalemu", na kwa maoni yangu hapo watafsiri walifanya kazi nzuri sana, kwa sababu neno hilo linamwonyesha msomaji jambo ambalo Mathayo mwenyewe alilikusudia: waliokuja kumsujudia mtoto walikuwa wageni wa dini nyingine kabisa. Jibu la swali la mzee, basi, ni kwamba mshangao wake ndio mshangao wa hadithi yenyewe. (Akikubana kuhusu hori, mkubalie, kwa kuwa hori limo katika Luka, mamajusi wa Mathayo waliingia nyumbani.)

Tafsiri ya Habari Njema imechagua "wataalamu wa nyota". Inaeleweka haraka, na kwa mtoto wa miaka saba pengine inafaa zaidi, lakini inampunguza majusi hadi kazi yake moja na kumvua kabila na dini. Sipendi pia "wafalme watatu", ingawa huimbwa. Mathayo hakuwaita wafalme wala hakusema ni watatu. Alitaja zawadi tatu, yaani dhahabu, uvumba na manemane, na watu wa baadaye wakahesabu watu kwa kuhesabu zawadi. Kuhusu "wachawi", ambalo umesema mtu mmoja wa kamati alilipendekeza kwa mzaha, ujue kwamba mzaha huo una mizizi: katika Matendo 13:6 neno hilohilo la Kiyunani, "magos", limetafsiriwa "mchawi", kwa sababu hapo anasemwa Bar-Yesu, nabii wa uongo. Neno moja, heshima mbili. Nimewahi pia kusikia katika vijiji vya wilaya ya Magu majusi akifafanuliwa kwa neno "mfumu". Msaada huo una mpaka, kwa kuwa mfumu wa Kisukuma hutibu na kupiga ramli, hata kwa kuku, na anapouliza huwauliza wahenga zaidi kuliko nyota.

Malaika lina mkasa tofauti, na mimi hulifurahia zaidi. Kwa Kiarabu "malaika" ni wingi; mmoja wao ni "malak". Kiswahili kimeuchukua wingi na kuufanya neno la umoja na wingi pamoja, na upatanisho ndio unaobeba hesabu: malaika ameshuka, malaika wameshuka. Hakuna anayesema "mamalaika", na hakuna haja. Luka 2:9 inasema "Malaika wa Bwana akawatokea ghafula", na mistari minne baadaye inasema "huyo malaika". Hivyo katika igizo lako ni "ameshuka".

Lakini yule aliyesema "limeshuka", na nakisia anasema vilevile "laika" moja na "malaika" mengi, hakulitoa hewani. Kiswahili kina neno jingine, laika, ambalo wingi wake ni malaika, nalo ni unywele laini wa mwilini, ule wa mikononi na miguuni. Hili ni la ngeli ya li-ya. Ukipanda kivuko alfajiri upepo wa ziwa ukakupiga, malaika yamesimama; ukiwa mchungaji wa kondeni usiku ule wa Bethlehemu, malaika wamesimama, na bila shaka malaika nayo yamesimama. Herufi moja ya upatanisho inatenganisha mbingu na ngozi. Ukimwacha mtoto aseme "malaika limeshuka", umeshusha unywele kutoka juu.

Kuhusu asili, wengi hudhani malaika, miliki, milki na mamlaka ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote zina m, l na k. Si hivyo. Miliki na mamlaka zinatokana na mzizi wa kutawala na kumiliki. Malaika, kwa maelezo ya wanasarufi wengi wa Kiarabu, linatokana na mzizi wa kupeleka ujumbe, na "m" yake ni kiambishi tu. Kiebrania kina "mal'akh", mjumbe, na ndiyo maana jina la nabii Malaki hufasiriwa kuwa "mjumbe wangu". Kiyunani nacho kina "angelos", ambalo pia ni mjumbe, hata mjumbe wa kawaida wa miguu miwili: wanafunzi wa Yohana waliotumwa kwa Yesu, katika Luka 7:24, wameitwa "wajumbe" kwa Kiswahili na "angeloi" kwa Kiyunani. Angalia sasa jinsi malaika Gabrieli anavyojitambulisha katika vitabu viwili. Katika Luka 1:19 anamwambia Zakaria kuwa yeye ni Gabrieli na kwamba "nimetumwa niseme nawe". Katika Sura ya 19 ya Kurani, aya ya 19, anamwambia Mariamu kuwa yeye ni mjumbe wa Mola wake, na neno la Kiarabu lililotumika hapo ni "rasul", lilelile tunalolitafsiri "mtume". Kwa hiyo malaika hutenda kwa amri ya aliyemtuma, na mwandishi wa igizo anayemfanya Gabrieli aseme "mimi naamuru" amemkosea kwa lugha kabla hajamkosea kwa imani.

Hapo ndipo tunafika kwenye mamlaka. Hili kwa Kiarabu ni neno la umoja, lenye maana ya ufalme au nchi ya mfalme. Kiswahili kimelipa maana ya uwezo wa kuamuru, na baadaye ya taasisi yenye uwezo huo. Penye taasisi sina mjadala: Mamlaka ya Mapato Tanzania imetangaza, mamlaka zimekubaliana, ngeli ni i-zi. Penye uwezo wenyewe waandishi hutofautiana, na "mamlaka haya" nimeyakuta kwa watu ninaowaheshimu, wakivutwa na ile "ma-" kama ulivyovutwa wewe kwenye "mjusi". Mathayo 28:18, "Nimepewa mamlaka yote", haitusaidii, kwa kuwa "yote" hukubali ngeli zote mbili. Warumi 13:1 inasaidia: "mamlaka iliyo kuu". Mimi hufuata njia hiyo, na ningemwambia Herode aseme "mamlaka yangu hii", bila kumwita mpotovu anayesema "haya", mradi asichanganye katika ukurasa mmoja.

Ila ningemshauri Herode achague pia baina ya mamlaka na enzi. Mamlaka hupewa, kitenzi chake cha kawaida ni hicho. Herode alipewa ufalme na Seneti ya Roma mwaka 40 KK, kwa hiyo neno hilo linamkaa sawasawa. Enzi ni la mwenye nguvu na utukufu wake mwenyewe, na ndani ya "Mwenyezi" limefichwa, kwa kuwa Mwenyezi ni mwenye enzi. Wanafunzi wako waliokwenda Bujora wameliona jengo la makumbusho ya Wasukuma lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, yaani chifu wa Kisukuma, na huenda mmoja wao akapendekeza Herode aitwe mtemi. Kwa wazee wa Kisesa lingeleta heshima. Kwa watoto wa Kirumba, waliozaliwa muda mrefu baada ya utemi kufutwa mwaka 1963, mtemi ni mbabe wa mtaani anayepora mipira ya wenzake, jambo ambalo, nikimfikiria Herode, si kosa kubwa sana. Lakini mwache awe mfalme.

Jina la malaika liandike Gabrieli, kama lilivyo katika Biblia yenu, na mzee jirani mwalike akae kiti cha mbele. Atamtambua Jibrili mara tu atakapofungua kinywa.