Kanda Zilizoibwa: Niliyojifunza kwa Green Day Baada ya Bendi Yetu Kuvunjika

Mwaka 2013 nilikuwa mpiga gitaa katika bendi ya roki ya watu wanne jijini Nairobi. Tulifanya mazoezi katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama wa mpiga ngoma wetu, mtaa wa Buruburu, na kwa fedha tulizodunduliza kutokana na maonyesho madogomadogo tukarekodi nyimbo sita katika studio moja ambayo sitaitaja. Siku tuliyokwenda kuchukua kazi yetu tuliambiwa kwamba wezi walivunja mlango usiku na kuondoka na kompyuta, na kwamba hakukuwa na nakala nyingine popote. Tulichobaki nacho ni rekodi ya simu, iliyochukuliwa siku ya mazoezi, ambayo ndani yake mtu anakohoa na mbwa wa jirani anabweka.

Kwa miezi kumi na mmoja iliyofuata tulijaribu kuzirudia nyimbo zile zile, neno kwa neno na pigo kwa pigo. Namkumbuka mpiga besi wetu akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu ameibana sikioni, akirudisha nyuma sekunde tano za kibwagizo mara ishirini ili anase nota moja aliyoipiga bila kufikiri siku ile ya kwanza. Alipoipata, mwimbaji wetu akasema siyo hiyo. Wakabishana hadi mama mwenye nyumba akagonga mlango. Mwaka 2014 bendi ilivunjika, na wimbo hata mmoja kati ya sita haukuwahi kumfikia msikilizaji.

Nayaeleza haya kwa sababu vijana wanaopiga muziki huja kwangu na swali lile lile: tutapataje mkataba na kampuni kubwa? Jibu langu huanzia mbali kidogo na swali lenyewe. Nawaeleza habari za Green Day, vijana watatu kutoka California walioufikisha muziki wa panki, roki ya kasi yenye magitaa ya kelele, ukiwa na sauti tamu za kuimbika katika kila redio ya Marekani, kwa sababu mwaka 2003 wao pia waliibiwa kanda za albamu nzima, na walichokifanya baada ya hapo kilikuwa kinyume kabisa na tulichokifanya sisi.

Ili kuelewa jinsi walivyoweza, ni lazima uwajue walikotoka. Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alizaliwa mwaka 1972, mtoto wa mwisho kati ya sita, na kukulia Rodeo, mji mdogo wa viwanda vya kusafishia mafuta karibu na Oakland. Baba yake, dereva wa lori aliyepiga ngoma za jazi, alifariki kwa saratani mwaka 1982, mtoto akiwa na miaka kumi. Mama yake alikuwa mhudumu wa mkahawa. Ni huyo mama aliyemnunulia gitaa la umeme la rangi ya buluu, ambalo amelishika katika majukwaa makubwa miaka mingi baadaye, likiwa limejaa vibandiko na mikwaruzo. Katika umri huo huo wa miaka kumi alikutana shuleni na Mike Dirnt, ambaye angekuwa mpiga besi wake. Onyesho lao la kwanza, Oktoba 1987, walilifanya katika mkahawa aliokuwa akifanyia kazi mama yake Billie Joe huko Vallejo, wakati huo wakijiita Sweet Children.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo, na naomba usiupite haraka. Kabla ya kampuni yoyote kubwa kuwajua, vijana hawa walikuwa na mahali pa kupiga. Mahali hapo paliitwa 924 Gilman Street, ghala huko Berkeley lililofunguliwa kama ukumbi wa muziki mwishoni mwa mwaka 1986. Liliendeshwa na watu wa kujitolea, halikuuza pombe, na liliruhusu watu wa umri wowote kuingia, hivyo mtoto wa miaka kumi na mitano angeweza kuwasikia wenzake wakipiga nyimbo zao wenyewe. Mtu aliyekuwa mlangoni leo akipokea viingilio angekuwa jukwaani kesho. Bendi ilikosea mbele ya watu, ikarudi wiki nyingine ikiwa imejirekebisha, na watu wale wale walikuwepo kushuhudia tofauti.

Sisi hatukuwa na mahali kama hapo, na kusema kweli hatukupatafuta. Tulipiga kwenye baa zilizotaka tukopi nyimbo za watu maarufu, kisha tukalalamika kwamba hakuna anayezijua nyimbo zetu. Leo nikikutana na bendi changa nawaambia watafute chumba kimoja, hata kama ni ukumbi wa kanisa siku ya Jumamosi au darasa la shule wakati wa likizo, wapange siku moja kwa mwezi, waalike bendi nyingine mbili, na wasiiache siku hiyo kwa miaka miwili. Hawatapata fedha. Watapata masikio ya watu wanaorudi, na hiyo ndiyo mali ambayo Green Day walikuwa nayo kabla ya kitu kingine chochote.

Mtu wa kwanza kuwarekodi alikuwa Larry Livermore, aliyekuwa na kampuni ndogo iitwayo Lookout pamoja na bendi yake mwenyewe. Aliwasikia wakipiga katika nyumba moja ya milimani, kaskazini mwa California, mbele ya vijana wachache mno, na kilichomvutia ni kwamba walipiga kana kwamba uwanja mzima ulikuwa umejaa. Mwaka 1989 walitoa rekodi yao fupi ya kwanza wakiwa na jina jipya la Green Day, na mwaka 1990 ikafuata albamu ya kwanza, 39/Smooth, iliyorekodiwa kwa siku chache tu na kwa fedha zisizofika dola 1,000. Katika mwaka huo mpiga ngoma wao wa wakati huo aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Tré Cool, kijana aliyekuwa ameanza kupiga ngoma katika bendi ya Livermore akiwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo watatu hao hawajabadilika. Baba yake Tré, aliyekuwa na biashara ndogo ya malori, alilitengeneza gari kuukuu lililokuwa maktaba ya kutembea, akaliwekea mahali pa kulala na kuwaendesha yeye mwenyewe katika ziara zao. Huwa namfikiria sana mzee yule nyuma ya usukani. Mama aliyetuachia chumba cha Buruburu alikuwa wa aina hiyo hiyo, na nasikitika kwamba hatukumshukuru ipasavyo tulipokuwa na nafasi.

Albamu yao ya pili, Kerplunk, ikauzwa kuliko kitu chochote ambacho Lookout ilikuwa imewahi kutoa, na kampuni kubwa zikaanza kupiga hodi. Mwaka 1993 walitia saini na Reprise, iliyo chini ya Warner, kwa kuwa walimpenda mtayarishaji mmoja kijana aitwaye Rob Cavallo. Uamuzi huo uliwagharimu nyumbani kwao. Ukumbi wa Gilman ulikuwa na kanuni ya kutopokea bendi zilizo na mikataba ya kampuni kubwa, na hivyo waliozaliwa mle kimuziki wakafungiwa mlango. Watu waliokuwa wakiimba nao mstari kwa mstari waliwaita wasaliti. Februari 1994 albamu yao ya tatu, Dookie, ikatoka, baada ya kurekodiwa kwa takriban wiki tatu huko huko Berkeley, na Agosti ya mwaka huo walipiga katika tamasha la Woodstock, wakarushiana matope na maelfu ya watu, na katika vurugu hizo mlinzi mmoja akamkamata Mike akidhani ni shabiki aliyepanda jukwaani na kumvunja meno. Mwaka 1995 walipata tuzo ya Grammy. Nchini Marekani pekee nakala zaidi ya milioni 10 za Dookie zimeuzwa.

Wengi huishia hapo wakisimulia habari zao, lakini mimi naona miaka iliyofuata ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mwanamuziki. Albamu iliyofuata, Insomniac ya 1995, ilikuwa nzito na yenye hasira, na haikuuzwa kama Dookie. Nimrod ya 1997 ilikuwa na wimbo wa gitaa kavu na fidla, jambo ambalo bendi ya panki haikutarajiwa kulifanya, na wimbo huo ukawa maarufu katika mahafali za shule. Warning ya mwaka 2000 ilipokewa kwa ubaridi sokoni. Mwaka 2002 walikwenda ziara pamoja na blink-182, bendi iliyopanda baada yao na ambayo wakati huo ilikuwa kipenzi cha vijana zaidi kuliko wao. Ndani ya kundi lenyewe mambo hayakuwa shwari. Billie Joe alifikia hatua ya kuwauliza wenzake kama bado wanataka kuendelea. Wakakubaliana kuwa na mazungumzo ya kila wiki, kabla ya ala kushikwa, ambapo kila mmoja angesema yaliyo moyoni mwake na wengine wamsikilize.

Ni katika kipindi hicho ndipo kanda zilipoibwa. Walikuwa wamekaribia kukamilisha albamu iliyoitwa Cigarettes and Valentines, nyimbo karibu ishirini, na kanda za asili zikatoweka studioni. Walipomwendea Cavallo kuomba ushauri, yeye aliwataka wajiulize kama kazi ile iliyopotea ilikuwa bora kuliko zote walizowahi kufanya. Walijitazama na kukiri kwamba haikuwa hivyo. Basi wakaiacha.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, bendi yetu ilikuwa imekwisha kuvunjika, na nilikaa nayo kwa siku kadhaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza swali hilo. Tulidhani kwamba kwa kuwa tulizitolea fedha na jasho, nyimbo zile sita zilikuwa nzuri. Nikiisikiliza leo rekodi ile ya simu, nasikia wimbo mmoja mzuri, mmoja wa wastani, na minne iliyofanana sana na nyimbo za watu wengine.

Green Day walianza upya kwa njia ambayo bendi yoyote inaweza kuijaribu. Siku moja Mike alibaki peke yake studioni akatunga kipande cha sekunde thelathini. Billie Joe alipokisikia akatunga chake, Tré naye akaongeza, nao wakaendelea kuvipokezana na kuviunganisha hadi vikawa wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 9 wenye sehemu tano. Kutoka kwenye mchezo huo ikazaliwa albamu ya American Idiot, iliyotoka Septemba 2004, iliyosimulia maisha ya kijana aliyechoshwa na mji wake na nchi yake wakati Marekani ikiwa vitani Iraki. Ikashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard, jambo ambalo hata Dookie haikulifanya, ikapata Grammy ya albamu bora ya roki, na mwaka 2010 ikapandishwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo jijini New York, kama tamthilia ya muziki. Mwaka 2015 waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame huko Cleveland, na Mei mwaka huo huo wakapanda tena jukwaa la Gilman, baada ya zaidi ya miaka ishirini, kupiga onyesho la kuchangia wahanga wa moto.

Lipo jambo la mkataba ambalo siwezi kulinyamazia. Mwaka 2005, wakiwa katika kilele hicho, Green Day waliziondoa albamu zao za mwanzo kutoka Lookout kwa sababu mirabaha, yaani fungu lao la mauzo, ilikuwa hailipwi. Waliweza kuziondoa kwa kuwa hawakuwa wameiuza kazi yao moja kwa moja. Kijana anayepewa karatasi leo na aangalie mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi: nani anamiliki rekodi za asili, kwa miaka mingapi, na nini kitatokea iwapo malipo yatachelewa. Kama hakuna anayeweza kukujibu hayo kwa lugha unayoielewa, rudi nyumbani na karatasi yako. Na kazi yako, hata kabla ya kuchanganywa sauti, iwe na nakala mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti. Sisi tungenunua diski ya kuhifadhia kwa bei ya onyesho moja la baa.

Miezi michache iliyopita nilikutana na mpiga besi wetu wa zamani kituoni pale Buruburu, tukasimama tukizungumza hadi matatu tatu zikapita. Nilimsimulia habari ya vipande vya sekunde thelathini. Jumapili iliyofuata alinitumia sauti kwenye simu, besi peke yake, bila salamu wala maelezo. Niliisikiliza mara mbili, nikachomoa gitaa kutoka nyuma ya kabati, nyuzi mbili zikiwa zimekatika, nikapiga juu ya nyuzi nne zilizobaki na kumrudishia. Sasa tuna vipande kumi na vinne. Mpiga ngoma yuko Dubai kikazi, hupiga kwa vidole juu ya meza ya bwenini na kutuma, na hadi sasa hakuna aliyeutaja wimbo hata mmoja kati ya ile sita.